Mtandao wa kompyuta dukani: Usilipie waya usioujua

WAFANYABIASHARA wanaofuatilia bei za madini katika Soko la Metali la London wanajua kwamba shaba ni bidhaa isiyotulia. Mei 2021 tani moja ilivuka dola 10,000 za Marekani, na Mei 2024 ikapita dola 11,000. Kwa msomaji wa Dar es Salaam hizo si habari za mbali. Sehemu ya shaba ya Zambia na ya Congo hupita katika bandari ya jiji hili kwenda nje, na usafirishaji wa shaba ya Zambia ulikuwa sababu kubwa ya kujengwa kwa reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976.

Shaba hurudi nchini kwa mlango mwingine, ikiwa imevutwa kuwa nyuzi nyembamba ndani ya waya wa mtandao wa kompyuta. Hapo ndipo bei ya London inapomgusa mwenye duka wa Kariakoo, Arusha au Mwanza. Shaba inapokuwa ghali, mtengenezaji hupata kishawishi cha kuuza waya ambao ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Kwa nje nyaya hizo mbili hufanana, na maboksi hufanana. Tofauti huonekana baadaye, wakati fundi ameshalipwa na kuondoka.

Wiki hii tunaeleza namna ya kuweka mtandao wa waya katika duka au ofisi ndogo, pamoja na maana ya maneno ambayo fundi huyatumia anapoandika makisio yake. Jambo moja lishikwe tangu mwanzo. Katika mtandao mzima, kitu kisichobadilishwa kirahisi ni waya uliokwisha kupita ukutani na juu ya dari. Swichi unaweza kuibadilisha kwa dakika tano, na ruta vilevile. Waya ukikosewa, unavunja tena, unapaka rangi tena na unalipa ufundi tena. Kwa hiyo fedha iwekwe kwanza kwenye waya, na kama ni kubana matumizi, kufanyike kwingine.

Faida kwa mfanyabiashara

Duka lenye kompyuta mbili zisizounganishwa ni duka lenye vitabu viwili vya hesabu. Karani wa kaunta anaahidi mteja mabati ishirini, wakati stoo wameshatoa kumi na tano asubuhi. Jioni mmoja hubeba mauzo kwenye flashi kumpelekea mhasibu, na flashi hiyo hubeba pia virusi. Kila meza inataka printa yake, na kila printa inataka wino wake.

Mtandao wa ndani huondoa adha hiyo. Kumbukumbu za mali na mauzo hukaa mahali pamoja, kwenye kompyuta moja iliyoteuliwa iitwayo seva, na meza zote husoma na kuandika hapo. Printa moja hutumikia ofisi nzima. Kamera za ulinzi huhifadhi picha kwenye kifaa kimoja.

Ni muhimu kutofautisha mtandao huu na intaneti. Mtandao wa ndani ni barabara za ndani ya uwanja wako. Intaneti ni barabara kuu iliyo nje ya geti. Wengi huchanganya mambo haya mawili, na wakiambiwa bando limekwisha hudhani kazi yote imesimama. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na huduma ya intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa mojawapo. Duka ambalo programu yake ya mauzo hukaa kwenye seva ya ndani halihitaji bahari ili kutoa ankara au kuangalia stoo. Duka ambalo programu yake iko nje ya nchi linahitaji. Mwulize anayekuuzia programu swali hilo kabla ya kutia saini.

Kwa nini waya, wakati kuna Wi-Fi

Wi-Fi ni nzuri kwa simu na kwa mtu anayetembea na kompyuta yake. Lakini Wi-Fi hutumia hewa, na hewa ya Kariakoo ni ya wote. Katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo bado hutumiwa na vifaa vingi, njia zisizoingiliana ni tatu tu: namba 1, 6 na 11. Ghorofa lenye maduka thelathini, kila moja na ruta yake, maana yake ni maduka mengi kusemea katika njia moja. Kuta za zege na milango ya chuma hupunguza nguvu zaidi.

Aidha, Wi-Fi haiishii mlangoni. Hufika barabarani, na anayejua neno la siri huweza kuingia akiwa amekaa nje. Waya hufika pale tu ulipoupeleka.

Ushauri wa kawaida ni huu: vitu visivyohama, yaani kompyuta za kaunta, seva, printa na kamera, vipate waya. Simu na wageni waachiwe Wi-Fi.

Maneno ya kujua kabla ya kulipa

Teknolojia ya mitandao hii ya waya huitwa Etheneti. Ilianza mwaka 1973 katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, Marekani, kwa kazi ya Robert Metcalfe na David Boggs. Kiwango chake rasmi kilitolewa mwaka 1983, na tangu mwaka 1990 kuna kiwango cha kutumia nyaya zilizosokotwa, zinazofanana na za simu. Ndiyo sababu leo kompyuta ya kampuni hii huzungumza na printa ya kampuni ile bila ugomvi.

KADI YA MTANDAO ni sehemu ya kompyuta inayopokea waya. Kompyuta nyingi za mezani huja nayo. Kompyuta nyembamba za kubeba mara nyingine hazina tundu lake, na hapo hununuliwa kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB.

SWICHI, mbali na ile ya taa, ni kisanduku chenye matundu mengi ambamo nyaya zote hukutana. Zamani palikuwa na kisanduku kingine kilichoitwa habu, na bado huonekana katika vitu vya mitumba. Habu ni sawa na mpiga debe wa stendi: kila tangazo hulitoa kwa wote, na wawili wakisema pamoja hakuna anayesikika. Swichi ni tarishi: husoma jina kwenye bahasha na kuipeleka kwenye chumba kinachohusika tu. Ukiuziwa habu leo, hata kwa bei ya kutupa, usichukue.

RUTA ni geti kati ya mtandao wako na intaneti. Visanduku vingi vinavyotolewa na kampuni za simu ni vitu vitatu katika kimoja: ruta, swichi ndogo yenye matundu machache, na Wi-Fi. Wenye kompyuta mbili na printa moja huweza kuanza na hicho peke yake.

NAMBA YA MAC ni namba ambayo kila kadi ya mtandao hutoka nayo kiwandani. Ichukulie kama namba ya chasisi ya gari. Huandikwa kwa tarakimu na herufi kumi na mbili.

ANWANI YA IP ni namba ambayo kifaa hupewa kikishaingia kwenye mtandao wako. Hii ni kama sanduku la posta: ukihama, hubadilika. Mfano ni 192.168.1.20.

KASI hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, wakati ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Hapa wengi hudhani wameibiwa. Mtandao wa megabiti 100 hupitisha, kwa hesabu ya karatasi, megabaiti 12.5 kwa sekunde. Faili la megabaiti 1,000 litachukua sekunde 80. Kwenye mtandao wa megabiti 1,000, yaani gigabiti moja, litachukua sekunde 8. Katika kazi halisi huwa pungufu kidogo, lakini uwiano ni huo.

Kasi hii ya ndani isichanganywe na kasi ya intaneti unayolipia kila mwezi. Kuweka swichi ya gigabiti hakukuzidishii intaneti. Kunaharakisha safari kati ya kaunta, stoo na seva.

Waya wenyewe

Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani, zilizosokotwa mbilimbili kuwa jozi nne. Msokoto huo hauko kwa urembo. Ndio unaozuia kelele za umeme na za jozi jirani zisiharibu ujumbe.

Nyaya hupangwa kwa daraja. Cat 5e hubeba gigabiti moja hadi meta 100, na hilo linatosha maduka mengi. Cat 6 hubeba gigabiti moja kwa umbali huohuo, na huweza kufikia gigabiti 10 kwa umbali mfupi, hadi kama meta 55 hali ikiwa nzuri. Cat 6A hufikisha gigabiti 10 meta 100, lakini ni mnene, mgumu kukunja na ghali. Kwa anayeanza leo, Cat 6 ya shaba tupu ni uamuzi wa busara. Anayebanwa na fedha achukue Cat 5e ya shaba tupu, asichukue Cat 6 ya aluminiamu.

Umbali wa meta 100 ni mpaka wa kiwango, na huhesabiwa pamoja na vipande vya kuchomekea kwenye meza na kwenye swichi. Kwa kawaida mafundi hupiga hesabu ya meta 90 ukutani na 10 za vipande.

Sasa tuje kwenye aluminiamu. Waya wa aluminiamu iliyopakwa shaba huandikwa CCA. Aluminiamu hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya uwezo wa shaba, na hukatika upesi ikikunjwa mara kwa mara. Viwango vya mitandao haviitambui kwa waya wa Cat 5e au Cat 6, hata kama boksi limeandikwa hivyo. Hatari huongezeka pale unapotumia waya huo kulisha umeme kamera au simu za mezani, jambo linaloitwa PoE. Kwa kiwango cha mwaka 2003, swichi hutoa hadi wati 15.4 kwa tundu moja. Kwa kile cha mwaka 2009, hadi wati 30. Umeme huo ukipita kwenye uzi wenye ukinzani mkubwa, uzi hupata joto, na kamera ya mwisho hupata umeme usiotosha. Huzima usiku, wakati hasa unapoihitaji.

Kuutambua hakuhitaji maabara. Soma maandishi kwenye ganda la waya, kwani baadhi huandikwa CCA waziwazi. Kata ncha, kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukitokea weupe wa fedha ndani, hiyo ni aluminiamu. Kunja uzi huo huku na huko: wa shaba huvumilia, wa aluminiamu huvunjika haraka. Nyanyua boksi: la shaba ni zito kuliko la aluminiamu la urefu uleule. Na ukisikia, "Mzee, waya ni waya tu," jua kwamba umefika mahali pa kuuliza zaidi.

Angalia pia urefu. Boksi kamili huwa na meta 305, yaani futi 1,000. Waya mwingi huwa na namba za meta zilizochapwa kwenye ganda. Namba hizo zitakuonyesha kama boksi limejaa, na baadaye zitakuonyesha fundi ametumia meta ngapi kweli.

Hesabu ya mfano

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lenye kompyuta mbili kaunta, moja stoo na moja ofisini pamoja na printa, na kamera mbili. Hizo ni sehemu saba za kufikishwa waya. Swichi itakaa ofisini.

Kaunta ni meta 12 kwa kila kompyuta, jumla 24. Stoo ni meta 35. Ofisini ni meta 8 kwa kompyuta na 8 kwa printa, jumla 16. Kamera ni meta 25 kila moja, jumla 50. Jumla kuu ni meta 125. Ongeza meta 3 kwa kila mstari kwa ajili ya kukata, kukunja na kukosea: meta 21. Hapo ni meta 146.

Kisha weka mistari miwili ya akiba, mmoja kaunta wa meta 15 na mmoja stoo wa meta 38. Kuvuta waya wa pili wakati dari iko wazi hakuongezi gharama kubwa. Kurudi baada ya mwaka mmoja ni kazi mpya. Sasa tuna mistari tisa na meta 199. Boksi moja linatosha na masalio ni meta 106. Kama jirani naye anajenga mtandao, ongea naye mnunue pamoja.

Upande wa swichi, wengi wangenunua ya matundu 8. Lakini vifaa saba pamoja na ruta ni matundu manane tayari, na mistari ya akiba haina pa kuchomeka. Nunua ya matundu 16.

Tulinganishe sasa gharama. Namba zinazofuata ni za mfano wa kupigia hesabu, si bei za soko la wiki hii. Tuseme boksi la shaba ni sh. 400,000 na la aluminiamu ni sh. 220,000. Ufundi ni sh. 25,000 kwa mstari, hivyo mistari tisa ni sh. 225,000. Aliyechukua shaba atatumia sh. 625,000. Aliyechukua aluminiamu atatumia sh. 445,000 na kujiona amepona sh. 180,000. Waya wake ukishindwa na akalazimika kurudia kwa shaba, atalipa sh. 625,000 nyingine. Jumla yake ni sh. 1,070,000, na bado hatujahesabu siku alizofunga kaunta. Akiba ya sh. 180,000 imegeuka kuwa hasara ya sh. 445,000.

Weka bei halisi utakazopewa mahali pa hizo. Tofauti itabadilika, lakini ufundi ukilipwa mara mbili hasara haikwepeki.

Hatua za kazi

Kwanza, chora ramani ya duka kwa penseli. Onyesha meza, printa, kamera na mahali pa swichi. Swichi iwekwe mahali pakavu, penye hewa, penye soketi ya umeme na mlango wa kufungwa kwa ufunguo. Isiwekwe jikoni wala chini ya meza ya kaunta ambako miguu hugonga.

Pili, tenganisha njia ya waya wa mtandao na ya waya wa umeme. Visipite katika bomba moja. Pale vinapolazimika kukutana, vikatizane kama msalaba badala ya kwenda sambamba.

Tatu, vuta waya bila kuukaza sana wala kuukunja kwa kona kali. Andika namba kwenye ncha zote mbili za kila mstari. Kazi hii ya dakika kumi huokoa saa nzima siku ya hitilafu.

Nne, funga vichwa. Kichwa cha waya huitwa RJ45 na kina pini nane. Mpangilio unaotumika sana huitwa T568B, nao kutoka pini ya kwanza ni: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili ziwe na mpangilio mmoja. Msokoto ufunguliwe kidogo tu, usizidi milimita 13.

Hapa pana kosa moja ambalo huwapita hata mafundi wazoefu. Mtu huweza kupanga rangi apendavyo, akafanya hivyo hivyo upande wa pili, na kipima waya cha taa kikawaka chote kijani. Lakini jozi zimevunjwa: uzi wa jozi hii umefanya kazi na uzi wa jozi ile, na msokoto hausaidii tena. Kwenye mstari mfupi huenda usione tatizo. Kwenye mstari wa stoo mtandao utakuwa unakatika na kurudi bila sababu ya kueleweka.

Tano, chomeka vifaa. Usichomeke ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi moja. Swichi nyingi za bei nafuu hazina kinga ya jambo hilo. Ujumbe huzunguka bila mwisho na mtandao mzima husimama. Waya uliolala mezani bila kazi ndio huleta balaa hili, pale mtu mwenye nia njema anapouona na kuuchomeka.

Kugawa anwani

Mtandao wa ndani hutumia anwani zilizotengwa kwa matumizi ya ndani tangu mwaka 1994. Zinazotumika sana madukani ni zile zinazoanza na 192.168. Namba 255.255.255.0, inayoitwa kinyago cha mtandao, husema kwamba tarakimu tatu za mwanzo ni jina la mtaa na ya mwisho ni namba ya nyumba. Mtaa mmoja wa namna hii una nyumba 254, kutoka 1 hadi 254. Vifaa viwili vikiwa mitaa tofauti, haviwezi kuonana bila ruta.

LANGO ni anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1. Hapo ndipo kila ujumbe wa kwenda nje hupitia. DNS ni mfano wa kitabu cha simu: hubadili jina la tovuti kuwa namba.

DHCP ni huduma ndani ya ruta inayogawa anwani yenyewe, kama mashine ya benki inayotoa namba za foleni. Ni nzuri kwa kompyuta na simu. Kwa seva na printa haifai iachwe huru, kwa sababu namba ikibadilika, kaunta zote huipoteza printa. Njia rahisi ni kuipangia ruta igawe kutoka 100 hadi 200, na vifaa vya kudumu vipewe namba za chini, mathalani seva 10 na printa 20. Ziandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa kabati.

Hitilafu moja hutokea sana. Mtu analeta ruta ya pili ili aongeze Wi-Fi, anaichomeka kwenye swichi, na sasa kuna wagawaji wawili wa namba. Baadhi ya kompyuta hupata intaneti, nyingine hukosa, na mambo hubadilika kila asubuhi. Ruta ya pili izimwe DHCP kabla ya kuunganishwa.

Umeme, radi na wezi

Umeme ukikatika, kompyuta yenye betri hubaki hai lakini swichi hufa, na mauzo yanayoandikwa huishia njiani. Seva, swichi na ruta vitumie UPS. Swichi ndogo na ruta hula umeme kidogo, hivyo hata UPS ya kawaida huvibeba kwa muda mzuri.

Duka na stoo zikiwa majengo mawili, usipitishe waya wa shaba nje kati yake. Radi ikipiga jirani, waya huo huwa njia ya kuingiza umeme kwenye vifaa vyote. Tumia faiba, ambayo ni uzi wa kioo na haipitishi umeme.

Badilisha neno la siri la ruta siku ya kwanza, kwa maana lile la kiwandani linajulikana na kila mtu. Wateja wapewe Wi-Fi ya wageni iliyotengwa na ile ya ofisi. Mwenye kutunza majina na simu za wateja akumbuke pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023. Na kwa kuwa kumbukumbu zote sasa ziko mahali pamoja, nakala ya pili ihifadhiwe nje ya duka. Mtandao huunganisha kompyuta. Haukingi moto wala wizi.

Kabla ya kumlipa fundi

Kubaliana tangu mwanzo kwamba sehemu ya malipo itabaki mpaka kazi ipimwe, na makubaliano hayo yaandikwe. Makisio yataje daraja la waya, maneno "shaba tupu", idadi ya mistari, matundu ya swichi na kasi yake. Makisio yanayosema "kazi ya netiweki, jumla" hayakulindi kwa lolote.

Siku ya kukabidhiwa, kaa kwenye kila kompyuta na ufungue ukurasa wa hali ya kadi ya mtandao. Ukiwa na swichi ya gigabiti na kadi za gigabiti, pasomeke 1.0 Gbps. Pakisomeka 100 Mbps, shuku waya kwanza. Megabiti 100 huhitaji nyuzi nne tu kati ya nane, wakati gigabiti huhitaji zote. Uzi mmoja ukikatika au ukifungwa vibaya, mtandao huendelea kufanya kazi kwa kasi ndogo, na mwenye duka asiyejua hukaa miaka akidhani amepata alicholipia.

Nakili faili kubwa kutoka seva hadi kompyuta ya stoo na uangalie saa. Chapisha kutoka kila meza. Zima ruta, kisha ujaribu tena kuchapisha kutoka kaunta hadi ofisini, ukitumia printa yenye namba ya kudumu. Ikikubali, mtandao wako wa ndani unasimama kwa miguu yake. Mwisho, chukua kipande cha waya kilichobaki, kikwangue kwa kisu mbele ya fundi, kisha ndipo utoe salio lake.